Uzoefu wangu: kumpima mtoto siliaki Dar, na mimi ni muuza maandazi

Kila alfajiri nakanda kilo tano za unga wa ngano hapa Tabata. Tui la nazi, hiliki, hamira, sukari kidogo, na ikigonga saa kumi na mbili beseni liko barazani, wanafunzi wameshaanza kunigongea. Chapati ni za jioni. Kodi, ada, LUKU, vyote vinatoka kwenye unga huo. Kwa hiyo siku nilipoambiwa kwamba ngano ndiyo inayomuumiza binti yangu, sikupata usingizi.

Kabla ya kumpima siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, nilitafuta mzazi wa hapa Dar aliyepitia jambo hili, nikamkosa. Niliowapata wako Ulaya na Marekani, wanaulizana mkate gani wa duka gani. Ndiyo maana naandika, pengine kuna mama mwingine yuko nilipokuwa mimi miezi michache iliyopita.

Binti ana miaka minne. Alianza kuharisha, kukakata, kukarudi. Kinyesi kingi, kinanuka kupita kawaida, ukimwaga maji hakizami na juu kina mng'ao kama wa mafuta. Tumbo limejaa kama ngoma, miguu vijiti. Dawa za minyoo nilimpa mara mbili, wapi. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito uliokuwa unapanda ukalala chali, miezi mitano amekaa kwenye kilo 13 na pointi. Mama mkwe akasema ni jicho. Jirani akasema ni gluteni, ile protini ya ngano, amesikia kwenye simu.

Nikamsikiliza jirani.

Mahali pa kwanza nilipokwenda ni kituo kimoja cha vipimo, sitakitaja. Kiyoyozi, viti laini, mtoto akapewa juisi, mpokeaji anakuita "dada yangu" kila sentensi. Wakamtoboa kidole, nikalipa laki tatu na nusu (mtaji wa unga, niseme tu ukweli), na wiki moja baadaye nikapewa ripoti ya kurasa kumi na mbili, karatasi nzito, za rangi. Kijani ni salama, njano angalia, nyekundu acha kabisa. Kwenye nyekundu kulikuwa na ngano, mayai, nazi, dagaa, maharage, karanga na ndizi. Yaani mtoto wa Kitanzania ukimwondolea hivyo amebaki na nini? Nikauliza, wakaniambia kuna mtaalamu wao wa lishe, analipiwa kando.

Nilikwenda mwezi mzima nikimnyima ngano. Mtoto wa muuza maandazi anakaa kwenye mkeka anakula muhogo wa kuchemsha huku akiangalia wenzake wanaondoka na andazi mkononi. Siku moja nilimkuta nyuma ya mlango analamba vidole, amechovya kwenye unga mkavu. Na tumbo? Lilibaki vilevile.

Hapo ndipo nikaenda hospitali binafsi moja upande wa Upanga, kwa daktari bingwa wa watoto. Kumwona ni elfu arobaini. Foleni ilikuwa saa mbili na nusu, feni moja, katuni kwenye runinga bila sauti. Lakini ukishaingia mle ndani unasahau. Mama wa makamo, haangalii saa. Alimvua mtoto nguo zote, akambonyeza tumbo, akamkunja ngozi ya paja, akasoma kadi ya kliniki ukurasa kwa ukurasa. Kisha akauliza, "Mama, kwa sasa mtoto anakula ngano?"

"Hapana daktari. Mwezi mzima hajaonja hata kipande." Nilisema kwa majivuno kabisa.

Akaweka kalamu chini. "Basi leo sitoi damu."

Akanieleza taratibu. Siliaki si aleji ya ngano. Mwenye aleji akila anavimba midomo, anatoka vipele, anabanwa kifua, na mara nyingi ni muda mfupi tu baada ya kula. Siliaki ni kinga ya mwili yenyewe inayogeuka na kuushambulia utumbo mwembamba kila gluteni inapoingia, na gluteni iko kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi. Utumbo kwa ndani ni kama taulo, una vinyuzi vinavyonyonya chakula. Kwenye siliaki taulo hilo linakuwa kipara, chakula kinapita tu. Kipimo cha damu, kinaitwa tTG-IgA, hakitafuti gluteni. Kinatafuta kingamwili zinazotengenezwa wakati gluteni inaendelea kuliwa. Ukiiondoa ngano kabla ya kupima, kingamwili zinashuka taratibu, na majibu yanaweza kuja safi hata kama ugonjwa upo.

Nikamtolea ile ripoti ya rangi. Aliitazama muda mrefu, akahema. Kile kipimo kinasoma kingamwili za aina nyingine, IgG, na hizo zinaonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na chakula fulani. "Mnakula nini sana nyumbani?" Nikamwambia. Maharage, dagaa, nazi, ndizi. "Sasa si ndivyo walivyowaandikia kwa rangi nyekundu?"

Halafu akanimaliza. "Uji anakunywa?" Uji wa lishe, nikasema, kila asubuhi. "Una nini ndani?" Nikaanza kuhesabu vidole: mahindi, ulezi, soya, mchele, karanga, na... Nikanyamaza. Mwezi mzima nimemnyima mtoto andazi, na asubuhi nimemkorogea ngano mwenyewe. Mashineni huwa nachanganya yote pamoja. Na hata nisingechanganya, kinu kile kile ndicho kinachosaga ngano ya mwenzangu. Kuna jambo jingine nililiona baadaye dukani: neno "shayiri" kwetu ni mtihani, pakiti hii inaitwa hivyo kumbe ni zile oti za uji, nyingine kweli ni shayiri yenye gluteni. Soma maandishi madogo.

Basi maelekezo yakawa hivi. Mtoto arudi kwenye ngano kila siku, kiasi cha vipande viwili vya mkate, wiki sita hadi nane, ndipo apimwe. Akizidiwa, nisisubiri, nimrudishe. Na wakati huo huo nilete choo mara tatu, siku tofauti, kiangaliwe.

Nyumbani ikawa kesi. Mama mkwe: "Daktari kasema ngano inamuumiza halafu kasema mpe ngano?" Nilieleza mpaka koo likakauka. Binti mwenyewe ndiye pekee aliyeelewa haraka. Andazi moja asubuhi, nusu chapati jioni, na daftari ukutani naandika alichokula na alivyokwenda chooni. Kuhusu choo, hapa nina kosa langu. Nilipeleka sampuli ya kwanza, ikaja safi, nikaona yamekwisha. Kutoka Tabata kwenda mjini na kikopo kwenye mkoba, foleni ya Buguruni, jua lile, kwa kitu ambacho wameshasema hakina kitu? Nikaacha.

Katika kusubiri nilisoma sana. Kuna daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa akiushuku mkate hata kabla ya Vita vya Pili. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945 nchi yao ikapigwa na njaa, mkate ukaadimika, na watoto wenye siliaki aliokuwa akiwatibu wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Niliisoma hiyo usiku, unga uko kwenye kucha.

Siku ya damu. Nawasifu na nawalaumu. Muuguzi alikuwa na mkono mwepesi, akatumia ile sindano nyembamba yenye mabawa ya plastiki, akamwambia binti "bibie, nihesabie tembo wa ukutani", na kufika tembo wa tano chupa imejaa. Lakini dirisha la malipo lilikuwa limeandika kipimo kimoja tu. Daktari alikuwa ameandika viwili: tTG-IgA na jumla ya IgA, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina hiyo mwilini. Cha pili ndicho kinachothibitisha cha kwanza, kwa sababu kuna watu ambao mwili wao hautengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha tTG-IgA kinaweza kuja chini bila maana yoyote. Tena hao wamo zaidi miongoni mwa wenye siliaki. Nisingekuwa na kile kikaratasi mkononi, wangetoa damu nusu. Dada wa dirishani akasema mfumo haujasoma. Mfumo! Vyote viwili vikafika laki moja na tisini elfu.

Majibu waliahidi siku saba, sampuli inasafirishwa nje ya nchi. Zikawa kumi na tatu, na ni mimi niliyepiga simu, si wao.

Daktari alikuwa ameshaniandaa. Namba ikija juu mara kumi ya kikomo au zaidi, wanarudia kwa damu nyingine na kipimo cha pili, na mtoto anaweza kuthibitishwa bila kuingiziwa mpira. Ikija juu kidogo tu, analazwa usingizi, mpira wa kamera unapita mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, wanachukua vipande vidogo vya kuangalia kwa darubini. Na mpaka hapo asiachishwe ngano. Akithibitika, ni maisha yote, dawa ni chakula. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kuacha ngano nihamie vitumbua na mkate wa kumimina, maana hivyo ni mchele.

Ikaja chini ya 2, na kikomo cha maabara ile ni 10. Jumla ya IgA ya kawaida kwa umri wake. Si siliaki, kwa kadiri damu inavyosema leo.

Nilitaka kushangilia. Daktari akafungua faili. "Sampuli mbili za choo ziko wapi, mama?"

Sitaandika uso wangu ulivyokuwa. Nilizipeleka wiki ile ile, elfu kumi na tano kila moja. Ya pili, safi. Ya tatu wakaona giardia, kile kidudu cha tumboni kinachotoka kwenye maji na mikono. Hakitoki kwenye kila choo, siku nyingine kinatoka siku nyingine hakitoki, ndiyo sababu ya mara tatu. Na kinakaa pale pale kwenye utumbo mwembamba, kinazuia chakula kunyonywa, mafuta yanapita, tumbo linajaa. Mtu akikisimulia bila jina ungesema siliaki. Dawa yetu ya minyoo ya kidonge kimoja si ya kuitegemea kwa hicho.

Tukaanza kutafuta maji. Ya kunywa nachemsha, naapa. Lakini binti anapiga mswaki kwa maji ya tangi, na siku za mgawo tangi linajazwa na boza. Anasukutua, nusu anatema, nusu anameza. Nimemwona mwenyewe.

Dawa aliyoandikiwa, metronidazole ya maji, ni chungu, tulikuwa tunamshika watu wawili. Siku chache choo kikaanza kushikana. Maziwa tuliambiwa tuyapunguze kwa wiki kadhaa kwa sababu utumbo uliochokozwa huwa unayakataa kwa muda. Kliniki ya mwezi uliofuata alikuwa kilo 14 na gramu 100. Daktari anataka kumwona tena baada ya miezi mitatu; mstari ukilala tena, damu inarudiwa.

Nikiwapa alama: daktari tano kati ya tano, ningempa sita. Muuguzi wa damu tano. Dirisha la malipo na majibu, mbili, na hizo ni kwa sababu jengo ni safi. Kile kituo cha kwanza, sifuri kwa kipimo, nne kwa juisi. Mkienda hospitali, nendeni mtoto akiwa anakula ngano kama kawaida, na msiondoke dirishani mpaka muone IgA ya jumla imeandikwa kwenye risiti. Na vikopo vitatu vya choo ni vitatu, jamani.

Ile ripoti ya rangi nimeitafutia kazi. Karatasi yake nzito, hainyonyi mafuta haraka. Ukurasa wenye jina la mtoto niliuchoma, zilizobaki nafungia maandazi. Juzi mteja mmoja, kijana wa bodaboda, amerudi kuniuliza kwa nini andazi lake limeandikwa nazi ni hatari.