Marcato Atlas 150: mashine ya pasta inayotaka mikono minne

Mashine hii ya Italia haitumii umeme. Ina rola mbili za aluminiamu, gurudumu dogo la pembeni lenye namba 0 hadi 9 za kupanga unene (0 ni nene zaidi, 9 ni nyembamba zaidi), vikato viwili, kibano cha kuifunga mezani na mkono wa kuzungusha. Namba 150 ni upana wa ukanda wa pasta kwa milimita. Wengi huisifu kwa uimara, nami nakubaliana nao, ila uzuri wake hasa huonekana wanapoitumia watu wawili, mwenyeji na mgeni wake, huku muziki ukipigwa. Kazi ni tatu kwa mpigo: kuzungusha, kulisha donge kwa juu, na kupokea ukanda unaotoka chini. Ukiwa peke yako, ukanda mrefu hujikunja chini ya rola na kugandana. Mkiwa wawili, mmoja huzungusha na kulisha, mwenzake hupokea kwa viganja vilivyo wazi bila kuvuta. Akivuta, ukanda hukonda katikati na kuchanika.

Kwa sahani mbili, chukueni gramu 200 za unga laini wa ngano, ule ambao Waitaliano huuandika "00", na mayai 2 ya gramu 60 hivi kila moja. Kandeni dakika 10. Donge likinata vidoleni litanasa kwenye rola, kwa hiyo ongezeni unga kijiko kimoja kimoja. Likimeguka, lowesheni viganja na kuendelea kukanda. Kumimina maji huharibu zaidi. Kisha lifungwe lisikauke, lipumzike dakika 30. Msiruke hatua hii. Kukanda hukaza gluteni, ile protini ya ngano inayofanya donge livutike, na donge ambalo halijalegea hunywea na kuwa nene tena kila linapotoka kwenye rola.

Dakika hizo 30 ndizo tamu kuliko zote kwa muziki. Mikono imenawiwa, hakuna kinachochemka, na upande mmoja wa santuri kubwa huchukua dakika 20 hivi. Mgeni achague, upande usikilizwe mpaka mwisho bila kurukwa wimbo, na muda unaobaki unatosha kumuuliza kwa nini kauchagua huo. Wakati wa kukanda na kuzungusha hakuna wa kugusa simu, kwani vidole vina unga. Foleni ya nyimbo ipangwe mapema, kwa zamu. Kwenye Spotify, huduma ya muziki wa mtandaoni, kuna Jam, yaani foleni ya nyimbo ya pamoja: mwenye akaunti ya kulipia huanzisha, rafiki huongeza nyimbo zake kutoka simu yake mwenyewe.

Spika nayo ichaguliwe kwa akili, maana unga ni vumbi. Alama ya IPX7 inaahidi kuzuia maji tu. Ile X ina maana kwamba kinga ya vumbi haikupimwa. Tafuteni IP67, ambayo 6 yake ni ya vumbi. Isiwekwe kwenye kona ya kuta mbili, kwa sababu besi huvuma na kufunika sauti ya mwimbaji.

Turudi mezani. Gaweni donge mafungu 4 na mengine yabaki yamefunikwa. Fungu la kwanza lipite kwenye 0, likunjwe tabaka tatu, lipite tena, hivyo mara 5 au 6 hadi kingo zinyooke. Baada ya hapo pandeni namba moja moja. Kuruka kutoka 2 hadi 5 huchana ukanda. Kwa tagliatelle, yaani pasta ya utepe, ishieni 6. Kwa ravioli, vile vifuko vya pasta vinavyojazwa, endeleeni mpaka 7 au 8, maana kingoni tabaka mbili hukutana. Kateni ukanda kwa urefu wa sentimita 25 hadi 30, nyunyizeni unga, uacheni upate hewa dakika 5 hadi 10. Ukiingia kwenye kikato ukiwa bado na unyevu, nyuzi hutoka zimeshikana. Ukikauka sana, hukatika vipande. Chemsheni kwa lita 1 ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za pasta. Dakika 2 au 3 zinatosha, kwa hiyo sosi iwe tayari kabla.

Kasoro zipo. Mkono wa kuzungusha umechomekwa tu, haukufungwa, na huchomoka ukizungushwa kwa pupa. Kibano hakiishiki meza yenye ukingo mnene sana, wala meza yenye droo mara tu chini ya ukingo. Pimeni kabla ya kununua. Na mashine hii haioshwi kwa maji kamwe. Maji huingia kwenye meno ya ndani yakaota kutu, na mabaki ya unga hugeuka gundi. Acheni makombo yakauke, kisha yatoeni kwa brashi. Ikiwa mpya, pitisheni kwanza donge dogo la kutupwa ili libebe mafuta ya kiwandani.

Mota inauzwa pembeni. Kwa watu wawili siipendekezi: hunguruma juu ya muziki na kumnyang'anya mmoja wenu kazi. Fedha hiyo inunue kikato cha spageti.