Uzi wa "nailoni" uliowaka kama karatasi

Nina hasira na duka moja la vifaa vya urembo pale Kariakoo, na naandika kabla sijapoa.

Nasimamia kikundi cha vijana, wengi mabinti, wanaosuka bangili za kamba Jumamosi huku kwetu Temeke. Wengine wanaziuza, hela ya madaftari inatoka humo. Hivi karibuni tulinunua rola kadhaa za uzi uliopakwa nta. Nilimuuliza muuzaji, nikarudia kumuuliza: ni nailoni kweli? "Nailoni orijino, dada."

Bangili hizi zinataka nyuzi nne. Mbili za katikati zinatulia, za pembeni ndizo zinafanya kazi: ya kushoto inapita juu ya zile za kati na chini ya ile ya kulia, ya kulia inapita nyuma na kuchomoza kwenye kitanzi. Kisha unaanza na upande wa pili, la sivyo bangili yote inajisokota. Mwisho unakata ncha na kuzipitishia kiberiti cha gesi. Nailoni inayeyuka, inaganda, fundo halifunguki tena.

Binti mmoja alikuwa amemaliza ya kijani na nyeusi, mafundo yamebanana vizuri mno. Moto ulipogusa ncha, ikawaka. Majivu na harufu ya karatasi. Alipopuliza, fundo la mwisho lilikuwa limeshaachia. Hiyo ni pamba, jamani! Sina ugomvi na pamba, tungeinunua kwa bei ya pamba na ncha tukazitia gundi.

Lakini kilichoniuma hasa ni alivyopokelewa binti huyo alipoirudisha rola. Akasema shikamoo, hakuitikiwa. Muuzaji akaisukuma ile bangili kwa kidole: "Nani kakutuma uchome uzi? Nenda kacheze rede." Mbele ya wateja! Nilikuwa nashuka kwenye bajaji mlangoni, nikasikia kila neno. Nilipoingia mimi, sauti ikalainika ghafla: "Karibu dada, tutaongea." Tuongee nini, wakati mwenye bangili yuko hapo anafuta machozi?

Rangi zao ni nzuri, hilo siwezi kulikana. Shanga zao za mbao zina matundu mapana, nyuzi mbili zinapita bila kulazimisha. Nilitaka kusema shanga nunueni pale, uzi tafuteni kwingine. Hapana, nafuta hilo. Mtu asiyeitikia shikamoo ya mtoto, hata shanga zake sizitaki.

Hela hakurudisha, alibadilisha rola moja tu kwa kununa. Ukienda kununua popote, beba kiberiti, omba kipande, kichome nje ya mlango kabla hujalipa. Akikataa, ondoka. Mama wa duka la jirani alituruhusu, akatuazima na mkasi, kisha akamwomba yule binti amwelekeze fundo.