Kamusi ya Longman ya mtandaoni: tuipime kwa “put off”

Vitenzi vya maneno mawili ndivyo vinavyowatoa jasho wanafunzi wengi wa Kiingereza, na “put off” ni kipimo kizuri cha kamusi yoyote. Longman Dictionary of Contemporary English, inayosomwa bure kwenye intaneti, inafaulu kipimo hicho, ila si kwa kila kitu.

Nguvu yake iko kwenye fasili. Tangu toleo la kwanza la 1978 zimeandikwa kwa maneno ya msingi yapatayo 2,000, kwa hiyo hulazimiki kutafuta neno la pili ili uelewe la kwanza. Maana inayojulikana ya “put off” ni kuahirisha, na wengi huishia hapo. Shuka chini. Katika “the smell put me off” hakuna kilichoahirishwa; harufu imemkata mtu hamu. “Stop it, you're putting me off” ni lawama kwa anayemvuruga mwenzake asimakinike, matumizi ya Uingereza zaidi.

Usiupite mshale wenye ncha mbili ulio kabla ya “off”. Unaonyesha kwamba yambwa, yaani kinachotendwa, inaweza kukaa kati au mwisho: “put the exam off” na “put off the exam” zote ni sahihi. Lakini mshale peke yake hausemi kwamba kiwakilishi lazima kikae kati: “put it off”, kamwe si “put off it”. Hapo utategemea mifano, basi isome yote. Isikilize pia, maana ina sauti: katika “put it off” mkazo unaangukia “off”. Kitenzi kikifuata huchukua -ing, “put off going”. “Put off to go” ni kosa.

Upungufu mkubwa ni kwamba haina Kiswahili, hivyo haiwezi kumwonya Mswahili kuhusu mtego wake mwenyewe. Kwetu mkutano “uliosogezwa mbele” utafanyika baadaye. Ukitafsiri neno kwa neno ukaandika “the meeting has been brought forward”, Mwingereza ataelewa umewahishwa, naye atakuja kukuta ukumbi mtupu. Andika “put off until Friday”. Na kama mkutano umefutwa kabisa, bila tarehe nyingine, fungua “call off”. Hicho ni kitenzi kingine.