Runinga ya nyumba ya Lamu: pima chumba kwanza, ndipo uulize 4K

Upana wa vyumba vyetu vya mawe hapa Lamu uliamuliwa na boriti za mikoko. Boriti haikufika mbali, basi msana, yaani chumba cha nyumba hizi, ukatoka mrefu na mwembamba. Kwa hiyo kabla hujaulizia bei ya runinga, chukua tepu upime toka ukutani itakapotundikwa hadi machoni pa anayekaa. Kwangu ni mita 2.4.

Jicho zima hutenganisha nukta mbili zikiachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Herman Snellen wa Uholanzi alitumia kipimo hicho alipotunga ubao wa herufi wa kupimia macho, mwaka 1862. Nukta zikibanana zaidi ya hapo, jicho huziona moja.

Ninayoiweka mbele ni inchi 43 ya Full HD, yaani picha ya nukta 1920 kwa 1080. Pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ina upana wa nusu milimita hivi, na ukishapita mita 1.7 jicho la kawaida haliipambanui tena. Kijana mwenye macho makali ataona tofauti kidogo akiwekewa 4K, yenye nukta mara nne ya hizo. Wengi wetu hatutaiona. Dukani tunaiona kwa sababu tunasimama hatua moja tu mbele ya kioo, tena tunaonyeshwa video ya maua na kasuku iliyotengenezwa makusudi. Rudi nyuma hatua tatu, kisha umwombe muuzaji aweke mpira wa king'amuzi. Hapo tazama mambo mengine: je, weusi ni mweusi kweli? Mwangaza unatosha kushindana na jua la alasiri linaloingia toka kiwandani, yaani uani?

Ya pili ni inchi 55 ya 4K. Kwa ukubwa huo Full HD ingetaka ukae mita 2.2 au zaidi, na chumba chetu kiko mpakani, basi 4K ina maana. Ila bando la kuilisha picha ya 4K ni zito, na chaneli nyingi za king'amuzi hazivuki HD.

Ya tatu, inchi 32 ya HD, yenye nukta chache kuliko Full HD, inafaa chumba cha kulala.

8K, yenye nukta mara nne ya 4K, iache. Kwenye inchi 65 ungelazimika kukaa sentimita 65 hivi toka kwenye kioo ndipo jicho lianze kuzipambanua nukta zake.

Jambo moja linanigusa. Mama alilalamika miezi mingi kwamba runinga ina ukungu, nasi wanawe tukaanza kuchanga tumnunulie 4K. Kumbe ni mtoto wa jicho. Alipofanyiwa upasuaji alikaa kitini pake palepale, runinga ileile ya zamani, akatusomea nambari za migongoni mwa wachezaji mmoja mmoja. Zile pesa za mchango ndizo zilizolipia miwani yake ya kusomea.