Masomo ya mazingaombwe kwa simu: nimejifunza kwa vikombe vya kahawa, Mtwara

Nililipa shilingi 15,000, nikatumiwa WhatsApp video 18 fupi za mazingaombwe ya papo kwa papo, yale unayofanya kwa kitu chochote kilichopo mezani. Nimejifunza miezi miwili, kila jioni, kwenye benchi la muuza kahawa karibu na Soko Kuu la Mtwara. Hela yangu haikupotea, ila yapo ya kurekebisha.

Somo la kwanza ni la mpira wa kufungia noti. Unauvisha kidole cha shahada na cha kati, unauvuta upande wa kiganja, unakunja ngumi huku ncha za vidole vyote vinne zikiingia ndani yake. Ukifungua ngumi, mpira umerukia kidole cha pete na cha mwisho. Dakika 10 tu nikaweza. Mtoto wa dada yangu alinirudisha hapo mpaka mpira ukakatika.

Kuficha sarafu kiganjani ndiko kulikonitesa. Mwalimu anatumia nusu dola ya Marekani, pande kubwa ambalo hapa hulioni. Nikahangaika na vichele vidogo vikiponyoka, hadi nilipochukua ya 500, ile ya nyati, ikakaa vizuri kwenye nyama ya kiganja. Halafu video zimepigwa kutoka kwa mtazamaji: mkono wake wa kulia unauona kushoto, na kidole gumba kinachofanya kazi yote kimejificha. Hiyo ni kasoro kubwa kwa mtu anayelipa ili afundishwe.

Somo la 7 ningelilipia peke yake. Linahusu macho. Ukijifanya umehamishia sarafu mkono wa kushoto, utazame huo wa kushoto kwa dhati, na wa kulia wenye sarafu ushuke taratibu, umelegea. Mimi nilikuwa nachungulia mkono wenye siri, na mzee mmoja mvuvi wa Msangamkuu alinikamata kila siku. Siku niliyoacha kuchungulia, aliweka kikombe chini akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, hii haina mambo ya majini?”

“Hapana, mzee wangu, ni wepesi wa mkono tu.” Nikamfunulia yote palepale, maana sikutaka aondoke na wasiwasi. Masomo hayagusi jambo hili kabisa, na kwetu ni la lazima. Wala sichezei hela ya mtu. Karata tatu zimewaliza wengi kwa ujanja huuhuu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni vikombe vitatu, ambapo vipira vinapotea na kutokea chini ya vikombe, mchezo uliokuwepo tangu enzi za Warumi. Siri yake ni kipira cha ziada ambacho mtazamaji hajui kama kipo. Nilitumia vikombe vya kahawa na korosho, kwa kuwa korosho ina kona, haibingiriki ikaanguka. Lakini ile iliyofichwa ilipogusa kaure ililia, kila mtu akasikia. Nikaweka tonge dogo la pamba badala yake, korosho nikaiacha itokee mwishoni, na benchi zima likasimama.

Sehemu ya pili inauzwa shilingi 20,000. Nimewaandikia kwamba nitainunua wakionyesha mikono kutoka upande wa anayefanya.