Darubini ya milimita 70 niliyonunua Mtwara mjini

Kiukweli darubini yenyewe ni nzuri, naanza na hilo ili mtu asiache kununua kwa sababu yangu. Nimeichukua hapa mjini baada ya hela ya korosho kuingia, laki na themanini, kioo cha mbele milimita 70, lenzi mbili na stendi. Kilichoniuma ni muuzaji, maana nilimuuliza kabisa, kaka mi nataka kuona Kamoʻoalewa, ile asteroidi, yaani jiwe la angani, inayozunguka Jua sambamba na dunia yetu, akanijibu utaiona vizuri tu, tena hata kwa simu unaipiga picha.

Jamani haiwezekani! Lile jiwe linakadiriwa mita 40 mpaka 100 tu, na hata likitusogelea kabisa linakuwa mbali mara 38 kuliko Mwezi. Walioligundua 2016 walitumia darubini ya Pan-STARRS kule Hawaii, kioo chake mita 1.8, sasa hii ya kwangu inaingilia wapi? Na wanaoliita mwezi wa pili wanachanganya watu, lenyewe linazunguka Jua kwa karibu mwaka mmoja kama sisi, ndo maana ukilifuatilia kutoka huku unaona kama linatuzunguka. Muuzaji angesema tu sijui ningemuelewa.

Ila niliipeleka Msimbati kwa shemeji, ufukweni giza tupu, Mwezi nusu, yaani mashimo yake yanaonekana mpaka kingo, watoto wakawa wanagombania zamu na mama mkwe naye akaomba kiti asogee. Sayari ya Mshtarii (Jupita) tukaiona na miezi yake minne imejipanga mstari. Stendi ni nyepesi, upepo wa bahari ukivuma picha inacheza, tukaninginiza mfuko wa mchanga katikati ikatulia.

Halafu nikawaambia watoto, 2021 wanasayansi walitoa matokeo kwamba mwanga wa Kamoʻoalewa unafanana na wa mawe ya Mwezini, huenda ni kipande kilichoruka Mwezi ulipogongwa, na China wamerusha chombo Tianwen-2 Mei 2025 kikachukue sampuli zake. Basi hakuna aliyetaka kulala, kila mtu anatafuta shimo lilikotokea.

Mkienda kununua mwambieni afungue boksi palepale mhesabu lenzi, ya kwangu ile ya kukuza zaidi haikuwemo, nikarudi kesho yake kuidai na akanipa.