Kadhi wa Tanga na kadhi wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro

Mjane wa Kiislamu wa Ngamiani, Tanga, na dada yake aliyeolewa Mombasa wanafuata dini moja, lakini mirathi yao ina milango tofauti.

Kenya, kadhi yumo ndani ya dola. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inampa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi, mradi wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Hukumu yake ni ya mahakama. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Tanga kadhi yupo pia, chini ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Anasikiliza, anapatanisha, anapiga hesabu ya mafungu: mjane mwenye watoto thumuni (sehemu moja ya nane), na kadhalika. Shemeji akigoma kutoa funguo za nyumba, kadhi hana askari wa kumtuma. Mjane ataishia Mahakama ya Mwanzo, ambako hakimu, hata akiwa Mkristo, anaweza kugawa mirathi ya Mwislamu kwa sheria ya Kiislamu. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. (Zanzibar, jamhuri ileile, ina mahakama za kadhi. Hapo ndipo mabishano ya barazani huchacha.)

Kwa nguvu, Kenya imetuzidi. Lakini kadhi anayeajiriwa na serikali ni mtumishi wake, na mimi hilo linanitia shaka kuliko kukosa askari. Ningependa tu karatasi ya kadhi wetu ipewe uzito ikifika kwa hakimu.